Spesa za rimu zashamiri huku magari yakizeeka

Sheria za umri wa magari katika nchi jirani hazilingani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye zaidi ya miaka minane. Uganda iliweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018, wakati Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa magari makuukuu bila kuyazuia. Yaliyokwisha kuingia hutumika muda mrefu, na vipuri vyake huchanganywa.

Chukua Toyota Allion ya 2001 hadi 2007. Habu yake ina bolti tano kwenye duara la milimita 100, ilhali rimu ya Mark X inataka milimita 114.3. Pengo hilo ndilo linalouza spesa: kipande cha alumini kinachofungwa kwenye habu, chenye bolti zake za kupokea rimu ngeni.

Ikiwa imechongwa vizuri, haina ubaya mkubwa, ingawa husukuma gurudumu nje na kuchosha beringi. Balaa liko kwenye zile za bei poa. Tundu la kati la Allion ni milimita 54.1, la Mark X 60.1, spesa isipokuwa na ukingo wa kujaza nafasi hiyo, rimu hushikwa na nati peke yake. Usukani ukitetemeka, mnunuzi huambiwa ni balansi.

Zipo pia nyembamba zisizo na bolti, za kuzuia rimu isiguse kalipa. Ya milimita 5 hupunguza mizunguko mitatu ya nati.

Anayenunua gari lililotumika ng'ambo ya mpaka haoni lolote kati ya haya mpaka gurudumu litolewe, kazi ya dakika kumi kwa jeki na spana.