Kumbi kubwa pekee hazitaifanya Nairobi kuwa jiji la makongamano

MSOMI anayealikwa kuwasilisha makala katika kongamano jijini Nairobi huwa na maswali matatu kabla ya kufunga virago: ataingiaje nchini, atafikaje ukumbini, na safari hiyo itamgharimu kiasi gani?

Majibu ya maswali hayo yana uzito mkubwa kwa nchi inayojinadi kuwa kitovu cha mikutano barani Afrika.

Historia iko upande wa Kenya. Jumba la mikutano la KICC lilifunguliwa mwaka 1973, na Nairobi imekuwa mwenyeji wa mkutano wa mawaziri wa Shirika la Biashara Duniani (WTO) Desemba 2015, ule wa TICAD Agosti 2016 na Kongamano la Tabianchi la Afrika Septemba 2023. Mnamo 2025 serikali ilianza kujenga kituo kingine kikubwa katika Bomas of Kenya.

Hata hivyo, wageni wa mikutano hiyo walikuwa marais, mawaziri na mabalozi, ambao hufunguliwa njia na kulipiwa kila kitu. Mhadhiri kutoka Lusaka au mwanafunzi wa uzamifu kutoka Zomba hana msafara wa kumpokea. Mara nyingi nauli hutoka mfukoni mwake.

Kikwazo cha kwanza kimekuwa mpakani. Desemba 2023, Rais William Ruto alitangaza kwamba mgeni hangehitaji tena viza kuingia Kenya. Januari 2024 ulipoanza mfumo wa idhini ya usafiri kwa njia ya kielektroniki (eTA), wageni wengi walijikuta wakitakiwa kujaza fomu, kuonyesha watakakolala na kulipa dola 30.

Kwa raia wa mataifa kama Zambia na Malawi, ambao zamani waliingia bila viza, mlango uliosemekana kufunguliwa ulikuwa umewekewa ada. Wakosoaji hawakukosea waliposema kuwa hiyo ilikuwa viza kwa jina jingine.

Rwanda ilikuwa imechukua mkondo tofauti. Tangu 2013 iliwaruhusu Waafrika kupata viza wanapowasili, na Novemba 2023 ikatangaza kuwa hawatahitaji viza kabisa. Ukichanganya hatua hiyo na jumba la Kigali Convention Centre, lililofunguliwa 2016, si ajabu waandalizi wengi wa makongamano wanaelekea huko.

Serikali ya Kenya ilitambua kosa. Januari 2025 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kuondolewa kwa eTA kwa raia wa karibu mataifa yote ya Afrika, isipokuwa Somalia na Libya kwa sababu za kiusalama. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikuwa wamesamehewa tangu mwanzo, na wale wa Uganda na Rwanda huweza kuvuka mpaka kwa kitambulisho cha taifa.

Kikwazo cha pili ni usafiri wa ndani. Barabara ya Expressway, ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, imepunguza muda wa safari kutoka uwanja wa ndege wa JKIA tangu 2022, lakini ni ya kulipia. Asiyetaka kulipa hukabiliana na msongamano wa magari. Aidha, mgomo wa wafanyakazi wa JKIA Septemba 2024, uliotokana na mpango wa kuikabidhi kampuni ya Adani uwanja huo, uliwaacha abiria wengi wakiwa wamekwama. Mpango huo ulifutwa Novemba mwaka huo.

Kisha kuna mambo madogo ambayo waandalizi husahau kuwaeleza wageni. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Agosti 2017, hivyo mgeni hana budi kuiacha kwao. Nairobi huwa na baridi kati ya Juni na Agosti. Malipo mengi hufanywa kwa M-Pesa, na laini ya simu husajiliwa kwa pasipoti. Atakayeendelea hadi Mombasa kwa reli ya SGR anafaa kukata tiketi mapema, ajikinge dhidi ya malaria, na akumbuke kuwa steshini ya Miritini iko nje ya kisiwa.

Vyuo vikuu mara nyingi hutuma orodha ya hoteli za kifahari na mbuga za wanyama, huku mtafiti chipukizi akitafuta chumba cha bei nafuu karibu na ukumbi. Mabweni yanayobaki matupu wakati wa likizo yangeweza kutatua tatizo hilo kwa gharama ndogo.

Wahenga walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni hawezi kumponya mwenyeji iwapo ameshindwa kufika. Kabla ya kumwaga saruji zaidi, Kenya inapaswa kuhakikisha kwamba aliyealikwa ataingia, atalala na kurudi kwao bila kufilisika.