Mbwa Akojoapo Damu

Huko Abuku, wilayani Koboko, karibu na mipaka ya Kongo na Sudan Kusini, mbwa ni mlinzi wa boma na wa mbuzi. Mwenyewe aonapo mkojo mwekundu juu ya mchanga, asiharakishe kumshuku jirani kwamba ametega sumu. Sababu ni nyingi, na nyingine zina tiba.

Kwanza atazamwe kama ni jike aliyefikia wakati wa kutaka dume. Huyo hutoka damu kwa siku kadhaa, wala si ugonjwa.

Mbwa akojoaye matone matone, mara kwa mara na kwa uchungu, yaelekea kibofu chake kimeingiwa na vijidudu au kina vijiwe. Jike huambukizwa zaidi, kwa kuwa njia yake ya mkojo ni fupi. Dume huzibwa upesi na vijiwe, kwa kuwa yake ni nyembamba. Ajikamuaye bila kutoa hata tone asingojewe mpaka kesho. Mkojo uliozuiliwa huua kwa siku chache.

Mkojo ukingwe katika chupa safi ya kioo, kisha uachwe utulie. Wekundu ukizama chini na juu pakabaki peupe, damu yatoka katika kibofu, figo au njia ya mkojo. Ukibaki mwekundu au wa rangi ya kahawa wote pia, naye mbwa ana homa na ufizi uliopauka, yashukiwe maradhi yaletwayo na kupe, ambayo huvunjavunja damu mwilini.

Vidonge vya watu vya kutuliza maumivu asipewe, maana vyaweza kumtia vidonda tumboni na kumharibu figo. Wala asichomwe kwa kukisia sindano ya ng'ombe. Ikizidi kidogo tu, humdhuru. Masalio yenye vitunguu vingi nayo huharibu damu yake. Tena mkojo huo usiguswe kwa mikono mitupu, kwani baadhi ya maradhi ya mbwa humwambukiza binadamu kwa njia hiyo.

Maji safi yawekwe kila siku, na kupe watolewe masikioni na katikati ya vidole. Chupa ile na mbwa mwenyewe wapelekwe siku hiyohiyo kwa daktari wa mifugo. Aliyelinda nyumba usiku kucha anastahili safari hiyo moja.