Kwa Nini Mpasuaji Hukawia Mferejini

Jamaa za mgonjwa, waketipo juu ya benchi nje ya chumba cha kupasulia, aghalabu huona jambo linalowatia uchungu. Mgonjwa wao amekwisha kuingizwa ndani akiugua, wauguzi wapita mbio huku na huku, lakini daktari mwenyewe aonekana kwa upenyo wa mlango amesimama mbele ya mfereji wa maji, anajisugua mikono kana kwamba hana haraka yo yote. Dakika moja yapita, na ya pili, na ya tatu. "Mbona bwana huyu anaoga tu, na mtu wetu yu taabani?" huulizana kwa sauti ya chini. Swali hilo si la kijinga hata kidogo. Madaktari wakubwa wa Ulaya waliliuliza vilevile, tena kwa dharau, na jibu lake lilipatikana baada ya watu wengi mno kuzikwa.

Ngozi ya mtu haikai tupu hata siku moja. Juu yake wamo viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, ambao wataalamu huwaita bakteria. Mnamo mwaka wa 1938 daktari mmoja wa Marekani, Philip Price, alieleza kwamba bakteria wa mikononi ni wa namna mbili, na namna hizo zaweza kuitwa wapitaji na wenyeji. Wapitaji ni wale waokotwao kwa kushika mlango, au fedha, au kidonda cha mtu mwingine. Hao huondoka upesi kwa maji na sabuni. Wenyeji ndio wenye taabu. Wao wamejenga makao yao katika mikunjo ya ngozi, katika mashimo ya vinyweleo na chini ya kucha, na mtu ajisugue namna gani, hawezi kuwamaliza wote. Aweza kuwapunguza sana tu, na kwa dawa fulani aweza kuwazuia wasizaane upesi mpaka kazi iishe.

Kwa hiyo hukosea mtu adhaniaye kwamba mkono wa daktari uliooshwa ni safi kama mkasi wake. Mkasi hutiwa katika mvuke wa moto mkali hata kila kilicho hai juu yake kikafa. Mkono wa mtu hauwezi kupikwa. Na yule mwenyeji asiyemdhuru mtu akiwa juu ya ngozi, aingiapo tumboni au penye mfupa uliofunuliwa, aweza kuleta usaha, homa na mauti.

Habari hizi hazikujulikana katika mji wa Vienna, Austria, mwaka wa 1847. Hospitali kuu ya mji huo ilikuwa na nyumba mbili za kuzalia. Katika ya kwanza walifundishwa madaktari, na katika ya pili wakunga. Wanawake walipokewa kwa zamu, siku moja nyumba hii na siku ya pili nyumba ile, wala hapakuwa na tofauti ya chakula wala ya matandiko. Hata hivyo katika mwaka wa 1846 nyumba ya madaktari iliwapoteza wazazi zaidi ya 11 katika kila mia kwa homa ya uzazi, na nyumba ya wakunga haikufikisha 3. Wanawake wenyewe walilijua jambo hilo kabla ya maprofesa. Wengine walipiga magoti wakilia, wakiomba wasipelekwe kwa madaktari.

Daktari kijana kutoka Hungaria, jina lake Ignaz Semmelweis, alikosa usingizi kwa ajili ya hesabu hiyo. Mwezi wa Machi 1847 rafiki yake Jakob Kolletschka alichomwa kidoleni kwa kisu cha mwanafunzi walipokuwa wakipasua maiti, akafa. Na mwili wake ulipochunguzwa ulionekana na dalili zilezile za wale wazazi. Basi Semmelweis akatambua. Madaktari na wanafunzi wao walikuwa wakitoka moja kwa moja katika chumba cha maiti na kwenda kuwapima wanawake kwa mikono ileile. Wakunga hawakupasua maiti. Akaagiza kwamba kila aingiaye anawe kwanza kwa maji yenye chokaa ya klorini mpaka ile harufu ya maiti itoke. Mwezi wa Aprili walikuwa wamekufa wazazi 18 katika kila mia. Mwezi wa Julai hawakufika 2.

Mtu angedhani alipewa nishani. Lakini wakubwa wengi walichukizwa kuambiwa kwamba mikono ya mabwana wasomi ndiyo iliyokuwa ikiua, na mwaka wa 1849 kazi yake haikuendelezwa. Alikufa mwaka wa 1865 katika nyumba ya wagonjwa wa akili, kwa jeraha lililoingia sumu. Katika mwaka huohuo, huko Glasgow, Joseph Lister alianza kutumia dawa ya kaboliki katika majeraha ya mifupa iliyovunjika, akifuata mafundisho ya Mfaransa Louis Pasteur juu ya vijidudu. Tangu hapo jambo likaanza kukubaliwa, ingawa polepole.

Wasomaji wa Afrika ya Mashariki wana habari nyingine ya kuweka kando ya hiyo ya Vienna. Mwaka wa 1879 Mwingereza mmoja aliyekuwa akisomea uganga, Robert Felkin, alifika mahali paitwapo Kahura katika Bunyoro, nchi iliyo ndani ya Uganda. Huko alimwona mganga wa kienyeji akimpasua mwanamke kijana aliyeshindwa kujifungua. Mwanamke alinyweshwa mvinyo wa ndizi mpaka akalewa nusu. Kisha mganga akaosha mikono yake na tumbo la mgonjwa kwa mvinyo uleule, na baadaye kwa maji, ndipo akakata. Damu ilizuiliwa kwa chuma chenye moto. Jeraha likafungwa kwa vijiti saba vyembamba vya chuma na nyuzi za magome, likapakwa dawa ya mizizi iliyotafunwa. Felkin aliandika kwamba siku ya kumi na moja jeraha lilikuwa limepona kabisa, na mama na mtoto wote wawili walikuwa hai. Alizitangaza habari hizo huko Edinburgh mwaka wa 1884.

Isidhaniwe kwamba mvinyo wa ndizi una nguvu ya spiriti ya hospitali. Haufiki hata karibu. Lakini ni dhahiri kwamba mganga yule hakuwa akijaribu tu. Alikuwa na utaratibu, na katika utaratibu huo kunawa kulitangulia kisu, wakati ambapo huko Ulaya wako wapasuaji waliokuwa wakiingia kazini na koti lililokauka damu ya wiki nyingi.

Glavu za mpira zilikuja baadaye, na kwa sababu ambayo wengi hawaitazamii. Katika hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, muuguzi Caroline Hampton aliharibika ngozi ya mikono kwa dawa kali ya zebaki waliyokuwa wakinawia. Mkuu wake, William Halsted, akaiandikia kampuni ya Goodyear imtengenezee glavu nyembamba. Hiyo ilikuwa yapata mwaka wa 1889 au 1890. Glavu hizo zilikusudiwa kuilinda mikono ya muuguzi, wala si tumbo la mgonjwa. (Halsted alimwoa bibi huyo mwaka wa 1890, kwa hiyo gharama yake haikupotea.) Siku hizi hakuna apasuaye bila glavu, na wako vijana waulizao sababu ya kujisugua ikiwa mkono utafunikwa. Sababu ni kwamba glavu hutoboka. Ncha ya sindano au ya mfupa yatosha, na mara nyingi mwenyewe hajui. Tena ndani ya glavu mna joto na jasho, na wale wenyeji wa ngozi huzidi kuongezeka kadiri kazi inavyoendelea. Tundu moja dogo ni mlango wao.

Utaratibu wenyewe huanza kabla ya maji. Pete, saa na bangili huvuliwa, maana chini yake uchafu hujificha. Kucha huwa fupi, pasipo rangi wala kucha za bandia. Mwenye jipu au kidonda mkononi hana ruhusa ya kuingia. Kofia na kitambaa cha kufunika kinywa na pua huvaliwa kwanza, kwa kuwa mtu akikumbuka kufunga kitambaa baada ya kunawa, atagusa nywele na uso, na kazi yote itakuwa bure. Mfereji ulio bora hufunguliwa na kufungwa kwa kiwiko, au kwa goti, au kwa mguu. Pasipo na mfereji wa namna hiyo, mtu mwingine humfungulia, au humwagia maji kwa jagi.

Mpasuaji hulowesha mikono, akainawa mara ya kwanza kwa sabuni, akasafisha chini ya kila ukucha kwa kijiti maalumu huku maji yakitiririka. Kisha hutwaa sabuni yenye dawa na kuanza hasa. Hufundishwa kukitazama kila kidole kama boriti yenye pande nne, na kila upande una haki yake. Baada ya vidole ni nafasi zilizo kati ya vidole, halafu kiganja, mgongo wa mkono, kifundo, na mkono wote kwa kuzunguka mpaka kupita kiwiko kidogo. Kidole gumba ndicho kisahauliwacho kuliko vyote, na ncha za vidole humfuata, ilhali hizo ndizo zitakazogusa ndani ya mtu. Akifika kiwikoni harudi nyuma kwenye vidole, maana angeleta uchafu wa juu mahali palipokwisha kutakata. Wakati wote viganja huwa juu kuliko viwiko, ili maji yateremke kutoka palipo safi zaidi, yakadondokee viwikoni.

Wazee wa kazi hii walisugua kwa dakika kumi, kwa brashi ngumu, hata ngozi ikawa nyekundu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka wa 2009 wasema dakika mbili mpaka tano zatosha, kulingana na dawa itumiwayo, na brashi haifai kwa ngozi. Ngozi iliyochubuka hupasuka, na katika nyufa zake vijidudu hupata nyumba mpya. Kwa hiyo juhudi iliyopita kiasi iliwadhuru walewale waliojitahidi.

Ugumu wa kazi hii hauko katika mikono peke yake. Kijidudu hakionekani. Mwanafunzi aliyeitwa saa tisa za usiku, macho mazito, akigusa mdomo wa mfereji kwa ncha ya kidole, hapana ajuaye ila yeye mwenyewe. Hapo ndipo Sista mkuu wa chumba cha kupasulia, ambaye ameona mengi, huwa na macho manne.

"Rudia, kijana."

"Nimegusa kidogo tu, Sista."

"Na usaha utakuja kidogo tu? Rudia."

Naye hurudia, hata kama mgonjwa amekwisha kulazwa usingizi. Mwanafunzi ambaye hajapata kurudishwa mferejini hivyo, yafaa kushuku kwamba hakuwa na mwalimu.

Baada ya maji, mikono hukaushwa kwa taulo iliyopitishwa katika mvuke, kuanzia vidoleni kwenda kiwikoni, ncha moja ya taulo kwa mkono mmoja na ncha ya pili kwa mkono wa pili. Mpasuaji hupita mlangoni kwa kuusukuma kwa mgongo, mikono yake ameiinua mbele ya kifua. Huvaa joho, mwenzake akimfungia kamba kwa nyuma, na glavu huzivaa bila ya ngozi yake kugusa upande wa nje.

Mahali pengi maji ya mfereji hayaaminiki, au hayapo. Katika Hospitali ya Kijabe, hapa Kenya, madaktari walilipima jambo hili kwa wagonjwa 3,317, na matokeo yakachapishwa mwaka wa 2010. Kwa zamu wapasuaji walitumia sabuni ya kawaida na maji, au dawa ya spiriti ya kupaka mikononi. Waliopata usaha katika majeraha yao walikuwa karibu 8 katika kila mia, kwa njia zote mbili. Tofauti haikuwa na uzito. Kwa hiyo hospitali yenye maji mema haina haja ya kuona haya kwa sabuni yake, na ile yenye maji mabaya ina njia nyingine. Spiriti hiyo, iliyochanganywa na gliserini ili isikaushe ngozi, hupakwa juu ya mikono iliyokwisha kuwa safi na mikavu, tangu vidoleni hata viwikoni, mikono ikaendelea kuwa majimaji kwa muda ulioagizwa. Kisha lazima ikauke yenyewe kabla ya glavu. Wenye haraka huivaa glavu mikono ikiwa bado na unyevu, na hilo ni kosa, maana dawa haijamaliza kazi yake na ngozi itawasha.

Glavu ikitoboka katikati ya kazi, mpasuaji hurudi nyuma ya meza, huvuliwa, huvaa nyingine, wala hapana amwonaye mwoga. Na kazi iishapo, azivuapo glavu, hurudi mferejini tena, safari hii kwa sabuni ya kawaida. Kwa kuwa mikono iliyofungiwa katika joto kwa saa nyingi imejaa tena, na katika wodi kuna wengine watakaomtaka awashike.