Hiyo Sauti Ina Mwenyewe

Wasee, leo hatutacheka sana. Kama uko kwa hii kazi ya kontenti, hii ni yako. Kama wewe ni wa kutazama na kushea tu, pia wewe usitoke, keti hapo.

Unajua vile hizi trendi huanza. Mama amesimama kwa matope, nyumba imebebwa na maji usiku, mwandishi wa habari anamwekea maikrofoni karibu na mdomo. Mama anaongea haraka, Kiswahili kinachanganyika na lugha ya nyumbani, anataja vitu amepoteza kimoja kimoja. Habari inapita saa moja jioni. Kufika saa tatu, mtu ashakata sekunde nane za hiyo sauti na kuwekelea biti chini yake. Asubuhi mbogi nzima iko kwa kioo, leso kiunoni, wigi kichwani, wanachezesha midomo na kukunja uso kama yeye. Komenti zote ni "nimekufa, wueh." Na mama mwenyewe bado anatafuta pa kulala.

Mimi nasema hivi: hiyo sauti ina mwenyewe. Na sisi watu wa kontenti tumejifanya hatujui.

Angalia vile app inafanya kazi, ndio uone wizi unaingilia wapi. Ukiposti video yenye sauti yako mwenyewe, TikTok inaiita sauti asilia na kuiandika kwa jina la akaunti yako. Mtu mwingine akiitumia, watu wakibonyeza pale chini wanarudi kwako. Fiti kabisa. Lakini app haijui ni nani anaongea. Inajua tu ni nani ameposti. Kwa hivyo yule jamaa aliyerekodi TV yake na simu ndiye anaandikwa mwenye sauti. Wafuasi wanaenda kwake. Kampuni ikitafuta mtu wa kutangaza sabuni, inampigia yeye. Mama hayuko popote kwa hiyo hesabu, na pengine hata hana simu ya kuona vile amekuwa maarufu.

Na usiniambie hakuna pesa hapo. Serikali yenyewe ilishanusa. Tangu Sheria ya Fedha ya 2023, malipo ya kontenti ya kidijitali yanakatwa ushuru wa 5%. Kwa hivyo KRA ina fungu lake, kampuni ya app ina lake, wewe na wigi yako mna lenu. Mwenye sauti ndiye pekee hana.

Hii tabia haikuanza na TikTok. Wakubwa wenu wanamkumbuka Bonoko, James Kang'ethe, chokoraa wa Nairobi aliyehojiwa kwa habari akieleza vile polisi walimpiga mtu risasi kisha wakamwekelea bonoko, yaani bunduki feki, aonekane mwizi. Ule ulikuwa ushahidi wa mauaji. Tukafanya nini? Ikafanyiwa remix. Ikachezwa kwa mathree, kwa klabu, kwa simu. Bonoko angalau alipata kazi ya redio pale Ghetto Radio, na alistahili, ana kipaji. Lakini uliza mtu yeyote aliyecheza hiyo remix jina la yule aliyeuawa. Kimya. Biti ilibaki, maiti ikasahaulika. Hivyo ndivyo trendi hufanya kwa maneno ya mnyonge. Inayaacha na mdundo na kuyatoa maana.

Sasa linganisha na wenye nguvu. Mwanzo wa 2024, Universal Music Group ilikosana na TikTok kuhusu malipo. Wasanii wakubwa kama Taylor Swift na Drake wako chini yao. Mkataba ulipoisha mwisho wa Januari, nyimbo zikatolewa, na video za watu zilizokuwa na hizo nyimbo zikabaki kimya, midomo inacheza bila sauti. Ilichukua hadi Mei ndio waelewane. Kwa hivyo usinidanganye kwamba mtandao hauwezi kuheshimu mwenye sauti. Unaweza sana, mwenye sauti akiwa na mawakili. Akiwa mama wa Mukuru au makanga wa Rongai, ghafla inakuwa "ni meme tu, relax."

Na kinachoniuma zaidi ni vile sisi wenyewe hulia tukiibiwa. Ukiona akaunti kubwa imechukua skiti yako na kufuta jina lako, unaposti laivu ya saa nzima, machozi, ati haki yako. Wengi wenu mnaijua ile hadithi ya Jalaiah Harmon, msichana wa miaka 14 wa Georgia, Marekani, aliyetunga ile densi ya Renegade mwaka wa 2019. Dunia nzima ikaicheza, wengine wakapata majina na mikataba, na yeye akawa anaomba tu kwa komenti atajwe. Hadi gazeti la New York Times lilipoandika kumhusu Februari 2020 ndipo watu wakamjua. Sote tuliudhika kwa niaba yake. Sasa mbona hatuudhiki kwa niaba ya jirani yetu? Jalaiah alikuwa na simu na akaunti ya kujitetea. Yule mama hana.

Najua majibu yenu, nimeyasikia yote.

Ati, "aliongea mbele ya kamera, kwa hivyo ni ya kila mtu." Hapana. Alikubali kuongea na habari kuhusu shida yake, hakukubali kuwa tangazo la duka lako la viatu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 iko, na habari za mtu zikitumiwa kibiashara inataka idhini yake. Mwaka wa 2023 Kamishna wa Data aliipiga klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuposti picha ya mteja bila kumuuliza. Hiyo ilikuwa picha ya mtu akijibamba. Sasa fikiria sauti ya mtu akilia.

Ati, "lakini tumemfanya star." Ustar gani usiolipa kodi ya nyumba? Ripoti ya Reuters Institute ya 2023 iliweka Kenya juu kabisa kwa matumizi ya TikTok, 54% ya waliohojiwa. Maana yake ni kwamba majirani wameiona. Watoto wake wanaigizwa shuleni. Akipanda matatu, mtu anamrudishia maneno yake ya siku mbaya kuliko zote maishani, halafu gari lote linacheka. Huo si ustar, hiyo ni adhabu.

Ati, "sisi Wakenya hucheka ndio tusilie." Hii ndiyo nzuri, na nusu yake ni kweli. Lakini kuna mtu anayecheka shida yake na kuna mtu anayechekwa. Juni 2024 vijana walijaa barabarani wakipiga Anguka Nayo ya Wadagliz. Ilikuwa trendi, ilikuwa densi, ilikuwa hasira, yote kwa wakati mmoja. Na kila mtu alijua wimbo ni wa nani. Sauti inaweza kusambaa nchi nzima na bado iwe na mwenyewe. Hakuna aliyekosa raha kwa sababu Wadagliz walitajwa.

Hata kwa klipu za habari inawezekana. Mwaka wa 2010 kule Alabama, Antoine Dodson alihojiwa kwa hasira baada ya mtu kuingia kwao usiku kumshambulia dada yake. Kundi la Gregory Brothers likafanya mahojiano yale kuwa wimbo. Bado nina maswali kuhusu kucheka jambo kama lile. Lakini walimtafuta na wakagawana naye pesa za mauzo, na akahamisha familia yake. Hiyo ni miaka mingi kabla ya app yako kuwa na kitufe cha kutagi.

Kwa hivyo tufanye nini? Si mambo magumu. Kabla hujabonyeza "tumia sauti hii", jiulize ni nani anaongea na alikuwa anapitia nini. Kama analia, kama kuna maiti, moto, mafuriko au mtoto, ruka. Kuna sauti milioni zingine. Kama ni mzaha wake mwenyewe, mtafute, mtaje jina kama amekubali, na usimtaje yule aliyerekodi TV. Video ikilipa, tuma kitu kwa M-Pesa. Kama wewe ni kampuni, usimlipe mtu wa kontenti kutumia sauti ambayo hajaombea ruhusa. Na wewe mtazamaji, ukiona hizo klipu, acha kushea. Bila wewe hakuna trendi.

Na kama kweli una kipaji, fungua mdomo wako. Huyo makanga wa rauti yenu, bibi zako kijijini, mzaha wa kibandaski mkiwa mmeketi na mbogi, hizo zote ni sauti ambazo unaweza kuomba leo na kuambiwa ndiyo leo. Sauti yako haitapata watu laki mbili siku ya kwanza. Lakini ikishika, chini ya kila video Kenya nzima kutaandikwa jina lako, na hakuna mtu atakuwa amelala njaa ndio wewe ubambe.