Katindo: Namba ya siri isitajwe kwa sauti kwenye kabini

Goma – Kwenye kabini za mtaa wa Katindo, kusikia namba ya siri ya mtu mwingine si ajabu tena. Mama anafika na simu yake ndogo ya vibonye, anamkabidhi kijana wa kabini, kisha anamtajia namba zake nne mbele ya watu wote walio kwenye foleni. Wengi husema ni uzembe wa wateja, eti wahamasishwe. Hiyo ni nusu ya ukweli. Nusu nyingine iko ndani ya simu yenyewe.

Mama huyo akijaribu kubonyeza peke yake, anakutana na maneno kama « bénéficiaire », « montant » na « solde ». Anafungua orodha moja, inazaa nyingine. Anaulizwa achague franka ama dola. Akikawia kusoma, ukurasa unajifunga na anaanza upya. Akikosea tarakimu moja, makuta yanakwenda kwa mtu asiyemjua, na kuyarudisha ni safari ndefu. Basi anaona heri amwamini kijana wa kabini. Mtu anayetoa namba yake ya siri kwa sababu hiyo si mjinga. Amechagua hatari anayoielewa badala ya ile asiyoielewa.

Siku hizi hatari hiyo imekuwa kubwa zaidi. Tangu mwisho wa Januari 2025, mji wa Goma ulipoingia mikononi mwa AFC/M23, benki zilifunga milango na kwa wakaaji wengi simu ndiyo ikabaki benki. Minervali ya mtoto, dawa, mtaji wa mboga, msaada wa ndugu aliye Kinshasa: vyote vinapita kwenye kioo kile kidogo.

Makampuni ya simu yasiseme kwamba kazi hii haiwezekani, maana huduma yenyewe ilikomaa kwa kuwatazama wateja. Kabla M-Pesa haijaanzishwa rasmi nchini Kenya, Machi 2007, ilijaribiwa kwanza kwa wateja wa mikopo midogo. Ilitengenezwa ili walipe madeni yao. Waliokuwa wakiijaribu waligundua kwamba watu wanaitumia kwa mengine, hasa kutumiana pesa wao kwa wao. Wakasikiliza, wakaacha mengi, wakabakiza lililo rahisi: kutuma pesa nyumbani. Mwaka 2012 Vodacom ikaileta Kongo. Somo hilo la kusikiliza nalo lilipaswa kuvuka mpaka.

Kwa Katindo, mahitaji yanaeleweka. Kwanza, Kiswahili cha hapa kiwe ukurasa wa mwanzo, si cha kutafuta: « tuma makuta », « toa makuta », « kiasi kilichobaki ». Pili, kila huduma, bila kubagua, ionyeshe jina la anayepokea, kiasi, aina ya pesa na gharama yote kwenye ukurasa mmoja, kabla ya kuomba namba ya siri. Tatu, mtu apewe muda wa kutosha kusoma. Nne, aliyekosea apate njia fupi ya kuzuia makuta yake yasitolewe.

Na kabla ya kubadilisha chochote, wahusika waje wakae siku nzima pembeni ya kabini, bila kumfundisha mtu. Wahesabu ni wangapi wanamaliza kutuma peke yao, wangapi wanakwama, na wanakwama kwenye neno gani. Wabadilishe, kisha warudi kuhesabu tena. Hesabu hiyo itasema mengi kuliko kikao cha hotelini.

Ni kweli, menyu nzuri haileti noti mjini, wala haizuii mtandao kukatika. Lakini maneno ya kwenye kioo yako mikononi mwa makampuni yenyewe, na kuyarekebisha hakungoji vita viishe. Siku mama wa Katindo atakapotuma makuta bila kumpa mtu simu yake, ndipo namba ya siri itakuwa siri kweli.