Yaliyopita Si Ndwele

Mwananchi atakaye kujenga au kununua nyumba kwa mkopo wa benki hupita milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa benki yenyewe, ambayo hutazama mshahara wake na hati ya kiwanja. Mlango wa pili ni wa bima ya maisha, ambayo huahidi kulimaliza deni iwapo mkopaji atafariki kabla hajalilipa. Wengi hujitayarisha kwa mlango wa kwanza wakausahau wa pili. Na hapo ndipo wanapokwama watu ambao kosa lao ni moja tu, kwamba zamani waliugua.

Bima hii yenyewe ni jambo jema. Sheria ya mwaka 2008 ya mikopo ya nyumba iliipa rehani nguvu, na kampuni ya TMRC, iliyoundwa mwaka 2010, imeyasaidia mabenki kupata fedha za muda mrefu. Leo mkopo wa nyumba waweza kwenda miaka 15 au hata 20. Katika muda huo mauti yaweza kupita njiani, na deni la marehemu halizikwi pamoja naye. Hubaki juu ya nyumba, na mjane na mayatima huweza kuiona ikinadiwa. Kwa hiyo hatusemi bima iondolewe. Twasema mlango wake usiwe mwembamba kupita haki.

Yafaa mwananchi ajue jinsi mambo haya yanavyokwenda. Mara nyingi benki huwakatia wakopaji wake bima ya pamoja, ambayo kwa mkopo usiozidi kiasi fulani haiulizi mengi. Mkopo ukizidi kiasi hicho, huja fomu ya maswali ya afya, na pengine uchunguzi wa daktari. Majibu ya kampuni huwa manne: kumpokea mtu kwa ada ya kawaida, kumwongezea ada, kumpokea lakini kuyatoa maradhi fulani nje ya mkataba, au kumkataa kabisa. Jibu la tatu ndilo lenye mtego. Mtu hulipa ada miaka yote akidhani ameikinga nyumba yake, kumbe akifa kwa maradhi yale yaliyotolewa, deni lote labaki pale pale.

Wenye bima wana hoja yao, nasi hatuidharau. Mfuko wa bima ni kama kikoa: wengi hutoa kidogo kidogo ili mmoja akifikwa asaidiwe. Wakiingia tu wale walio karibu na hatari, kikoa kitafilisika na wote watakosa. Kupima hatari, basi, si dhuluma. Dhuluma ni kuipima hatari ya leo kwa mizani ya jana.

Maana dunia ya tiba imebadilika. Kifua kikuu cha kawaida hupona kwa dawa za miezi 6. Homa ya ini aina ya C, ambayo zamani ilikuwa mzigo wa maisha, sasa hutibiwa kwa vidonge vya majuma machache, na zaidi ya wagonjwa 9 katika kila 10 hupona. Mwenye virusi vya Ukimwi anayetumia dawa zake sawasawa aweza kuishi miaka inayokaribia ya mtu mwingine yeyote. Hapa kwetu tunayo Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, na tunayo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015. Taifa limegharimia majengo, vyombo na waganga ili watu wapone. Ni hesabu gani hii, fedha za umma zimponye mtu, kisha karatasi moja ya bima imrudishe kitandani?

Wako waliokwisha kulitafutia jambo hili dawa. Nchini Ufaransa sheria ya mwaka 2016 iliweka haki ya kusahauliwa maradhi: aliyetibiwa saratani, ikiisha kupita miaka 10 tangu tiba yake kumalizika bila maradhi kurudi, halazimiki tena kuyataja anapotaka bima ya mkopo. Mwaka 2022 sheria nyingine iliupunguza muda huo ukawa miaka 5, ikaiingiza na homa ya ini aina ya C. Tena ikaondoa kabisa maswali ya afya kwa mkopo wa nyumba ambao sehemu iliyokatiwa bima kwa kila mkopaji haizidi euro 200,000, na utakaomalizika kulipwa kabla mkopaji hajatimiza miaka 60. Ubelgiji na Ureno nazo zimetunga sheria za namna hiyo. Mfuko wa bima haukufungwa kwa sababu hiyo.

Lakini twageuka sasa kwa mwananchi mwenyewe, maana naye ana wajibu. Asidanganye katika fomu. Sheria ya bima tuliyoirithi kutoka Uingereza imejengwa juu ya uaminifu mkubwa, kanuni iliyowekwa wazi na Jaji Mansfield mwaka 1766: anayejua jambo lenye uzito asimfiche mwenziwe katika mkataba. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na katika bima maneno haya ni kweli tupu. Mtu akisha kufa, kampuni hutafuta habari zake hospitali. Ikikuta alificha, huweza kukataa kulipa. Marehemu hayupo kujitetea, na aadhibiwaye ni mjane.

Hata hivyo, uaminifu si wa upande mmoja. Uingereza yenyewe iliona kwamba ni uonevu kumtaka raia wa kawaida akisie mwenye bima angependa kujua nini, na kwa sheria ya mwaka 2012 ikamwachia mwenye bima kazi ya kuuliza wazi, na raia kazi ya kujibu kwa uangalifu.

Kwa hiyo twatoa rai kwa Serikali, kwa Bunge na kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Kwanza, fomu za afya ziandikwe kwa Kiswahili chepesi, na kila swali litaje maradhi gani na tangu lini. Pili, anayekataliwa au kuongezewa ada apewe sababu kwa maandishi, ili aweze kuipeleka kwa daktari wake, na ikibidi kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Tatu, maradhi yanayotolewa nje ya mkataba yaandikwe ukurasa wa mbele, yasifichwe katika herufi ndogo. Nne, uwekwe muda kwa sheria, ambao ukipita baada ya kupona, maradhi ya kale yasiulizwe tena. Tano, mabenki yakubali dhamana nyingine kwa yule ambaye bima imemkataa, kama vile mdhamini au akiba, badala ya kumfungia mlango.

Chama chetu tangu siku za TANU kimeshika imani kwamba binadamu wote ni sawa, na kwamba kila mtu anastahili heshima. Imani hiyo haiishii kwenye majukwaa. Yatakiwa ionekane hata katika fomu ya bima. Mtu aliyeyashinda maradhi amethibitisha uvumilivu, na mtu anayelipa deni lake kila mwezi amethibitisha uaminifu. Mtu wa namna hiyo hatakiwi kuishi katika nyumba ya kupanga maisha yake yote kwa sababu ya cheti cha hospitali cha miaka mingi iliyopita. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.