Anayekaa Kichwani pa Mgonjwa

Mama aliyeshikwa na uzazi pingamizi katika vijiji vya bonde la Kilombero, ilhali masika yameikata njia na umeme umezimika, hahitaji kuhubiriwa fadhila za ketamini. Dawa hii, iliyobuniwa Marekani mwaka 1962 na kutiwa na Shirika la Afya Duniani katika orodha ya dawa za lazima mwaka 1985, ina sifa ambayo nusukaputi nyingine aghalabu hazina: mgonjwa akishadungwa mshipani hasikii kisu, pengine macho yake yakiwa wazi, naye huendelea kuvuta pumzi mwenyewe wala shinikizo la damu haliporomoki. Propofoli, nusukaputi ipendwayo kwa jinsi mtu aamkavyo mwepesi, huweza kuikata pumzi mara moja. Ndiyo iliyomfisha Michael Jackson mwaka 2009, alipopewa nyumbani ili alale tu.

Lakini wema huo wa ketamini umezaa dhana mbaya, kwamba yeyote aweza kuidunga, hata tabibu yule yule anayepasua. Hasha! Mate hufurika kinywani, koo huweza kujibana ghafla, na mwenye kifafa cha mimba, ambaye shinikizo lake limekwisha panda, huzidi kupandishiwa. Fauka ya hayo, wako waamkao wakipiga kelele kwa maruweruwe, na jamaa walio mlangoni wakadhani wamepagawa.

Mwaka 2015 China ilipendekeza Umoja wa Mataifa uitie ketamini chini ya sheria za mihadarati, kwa kuwa wako waitumiao kwa ulevi hata kibofu kikaharibika. Shirika la Afya Duniani likapinga, na kwa haki, maana kuifungia kungewaadhibu wanaopasuliwa huku kwetu kwa makosa ya walevi wa mbali. Hatari yetu sisi ni upungufu wa watu wa kumwangalia mgonjwa usingizini. Ifakara, humu humu bondeni, imekwisha onyesha njia, kwa kuwafundisha wauguzi na matabibu kazi ya usingizi kwa miezi mitatu ili wakahudumu katika vituo vya afya. Basi halmashauri inayozindua chumba cha upasuaji isikihesabu kimekamilika mpaka iwe imeajiri wawili wa kukaa kichwani pa mgonjwa, wenye kipimo cha oksijeni cha kidoleni na mfuko wa kupulizia pumzi. Wawili, kwa sababu mmoja naye hulala, huugua, na huenda likizo.